Uzamili wa sera za umma Marekani: serikali ya wanafunzi, jumuiya ya Waafrika au jarida?

Ngamiani_Juu

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mwezi wa Agosti ninatarajia kuanza shahada ya uzamili ya sera za umma nchini Marekani, masomo ya miaka miwili, baada ya kuitumikia idara ya mipango ya halmashauri kwa miaka sita. Chuo kimetutumia orodha ya vyama vya wanafunzi ambayo ni ndefu kuliko ratiba yenyewe ya masomo: vipo vya kimaeneo, vya mazingira, vya makazi, vya teknolojia, vya wanawake katika uongozi, hata cha wapenda mvinyo. Nimevichuja vikabaki vitatu, yaani serikali ya wanafunzi, jumuiya ya wanafunzi wa Kiafrika, na jarida la sera linalohaririwa na wanafunzi. Ninaomba waliopitia huko wanilinganishie, hasa kuhusu muda unaoliwa na kitu ambacho mtu huondoka nacho mkononi. Sitaki kurudi nyumbani na vyeti vya uanachama tu.

Mweka_Hazina

Kaka Ngamiani, hongera sana. Mimi nilikuwa mweka hazina wa jumuiya ya Waafrika kwa mwaka mmoja, kwa hiyo uniwie radhi nikielemea upande huo. Faida yake kubwa ni watu. Darasani utakaa na Mnigeria aliyetoka benki kuu, Mghana wa wizara ya nishati na Mkenya wa shirika la afya, lakini mazungumzo ya maana hutokea Alhamisi jioni, mkiwa mnapanga viti vya mgeni atakayezungumzia deni la taifa.

Hata hivyo, usidhani ni kupiga soga. Ili kuwalisha watu arobaini pilau, nililazimika kupeleka ombi la fedha serikali ya wanafunzi wiki tatu kabla, nikiambatanisha makadirio ya idadi ya watu, bei kwa kila sahani na sababu za kutomtumia mpishi aliye kwenye orodha ya chuo. Mpishi wetu alikuwa mama mmoja Mzanzibari ambaye hakuwa na ankara iliyochapwa, na ofisi ya malipo ikaikataa karatasi yake ya mkono mara mbili. Nililipa kwa kadi yangu, nikarejeshewa baada ya siku hamsini na mbili. Katika mwaka ule nilijifunza matumizi ya fedha za umma kuliko katika somo lolote, ingawa mke wangu hakufurahishwa na gharama ya mafunzo hayo.

Kalamu_Nyekundu

Ninamheshimu Mweka Hazina, lakini swali lilihusu kitu cha kuondoka nacho mkononi, na hapo jarida halina mpinzani. Shule ya Kennedy ya Chuo Kikuu cha Harvard imekuwa na majarida kadhaa ya wanafunzi, likiwamo moja la sera za Afrika, na Princeton lipo jarida la masuala ya umma na ya kimataifa ambalo kazi yake ni kuchapisha maandiko ya wanafunzi wa uzamili, wa pale na wa vyuo vingine. Mtu asiyejua anaweza kuliona jambo hili la kifahari tu, lakini kazi yenyewe ni ya fundi cherehani: kufumua na kushona upya.

Chukua mfano wa makala niliyopewa kuhusu mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam. Mwandishi, ambaye hakuwahi kufika Kimara, aliandika kwamba huduma ilianza mara tu barabara zilipokamilika, na kwamba awamu ya kwanza iliuhudumia mji mzima. Nilimrudishia na maswali kumi na moja. Huduma ilianza Mei 2016, baada ya mvutano juu ya nauli na mwendeshaji. Awamu ile ni ya takriban kilomita 21, na wakazi wa Mbagala hawakuiona. Aliposahihisha mambo hayo mawili, hoja yake kuu iliporomoka, akaandika makala nyingine iliyokuwa bora mara tatu. Mimi nilitoka na ujuzi wa kuisoma ripoti ya ushauri na kuhisi, kabla ya kufika ukurasa wa tano, ni wapi mwandishi anadanganya bila kujua.

Muda wake pia unatabirika: Septemba na Oktoba kuita maandiko, majira ya baridi kuhariri, kisha kuchapisha kabla ya mahafali.

Bi_Kisauni

Hamjambo. Mwanangu Ngamiani, ninaongeza neno moja kwa wasomaji wengine ambao hawaendi Marekani. Mimi nilisoma Uingereza, ambako shahada hii mara nyingi huwa ya mwaka mmoja. Shule ya Blavatnik ya Oxford, ambayo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2012, huendesha shahada yake hivyo, na mihula ya Oxford ni mitatu yenye wiki nane nane. Ukigombea uongozi katika mpangilio huo, muhula wa kwanza utaisha ukitafuta ufunguo wa ofisi na wa tatu utaisha ukitafuta mrithi. Mwenye mwaka mmoja na awe mwanachama mwema, aje, aoshe vyombo, aondoke. Uongozi ni wa wenye miaka miwili.

Mlimani_Mkongwe

Vijana wangu, ninaona serikali ya wanafunzi haijapata wakili, nami nitaisemea ijapokuwa sikuipenda.

Kwanza, tuliosoma Mlimani tulikwenda Marekani na picha nyingine kabisa. Kwetu, siasa za wanafunzi zilikuwa mambo ya kufukuzwa chuo: Oktoba 1966 karibu wanafunzi 400 walitimuliwa kwa kuandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu, baada ya kusikia wanalalamikia mishahara ya wakubwa, akaukata wake kwa asilimia 20. Na kwa kuwa mwenzetu anasifia majarida, nimkumbushe kwamba umoja wa kimapinduzi wa wanafunzi, ambao Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake, ulikuwa na jarida lake la Cheche, lililoanza 1969 na kupigwa marufuku mwaka uliofuata. Kule mhariri alihofia dola. Huku anahofia koma.

Serikali ya wanafunzi wa uzamili wa sera huko Marekani ni kitu kidogo na kikavu. Niliketi humo mwaka mzima tukijadili saa za maktaba na ugawaji wa fedha za vyama, chini ya kanuni za mikutano ambazo mwanajeshi mmoja, Henry Robert, alizichapisha mwaka 1876 na ambazo Wamarekani wanazishika kama msahafu. Lakini nilipoteuliwa baadaye kuwa katibu wa kamati fulani ya bodi, nikakuta wajumbe wawili wakitaka kuizima hoja kwa kuisukuma mbele hadi isahaulike, niliutambua mchezo ule papo hapo, maana nilishachezewa mimi kwa suala la maktaba.

Ngamiani_Juu

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimebakiwa na swali moja: je, mwaka wa pili una nafasi ya mambo haya?

Kalamu_Nyekundu

Muhula wa mwisho hauna. Harvard na Berkeley, kwa mfano, humtaka mwanafunzi wa shahada hii amfanyie mteja halisi uchambuzi kamili wa sera kabla ya kuhitimu, na kazi hiyo humeza kila kitu. Ndiyo maana vyama vingi hufanya uchaguzi katika majira ya kuchipua, wa mwaka wa kwanza wakapokea ofisi. Kwa hiyo jiunge na jarida Septemba, mapema, kabla hujazoea kulala.

Mweka_Hazina

Ndugu Kalamu hakukwambia jambo moja. Fedha za kuchapisha jarida lake zilitoka katika mfuko uleule wa serikali ya wanafunzi nilikoombea pilau, na mwaka wangu ombi lao lilirudishwa kwa kukosa makadirio ya posta. Aliyewasaidia kuliandika upya ni mimi.

Mlimani_Mkongwe

Marahaba, mwanangu. Kikao cha kwanza cha bajeti ya vyama kwa kawaida huwa wazi kwa mwanafunzi yeyote. Nenda ukaketi nyuma kabla hujatia saini orodha ya mtu, uone ni chama gani kinajua kinachokiomba na nani anasimama kukitetea. Ukivutiwa na chama cha wapenda mvinyo, usituambie.

Kalamu_Nyekundu

Posta ilikuwa dola 140. Nimekubali.