Mjadala: Maonyesho ya teknolojia kwenye bustani za burudani bado yanavutia, au wakati wake umepita?

Mleta mada

Wadau, habari za saa hizi. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana kila linapoguswa watu hugawanyika makundi mawili. Zile kumbi za teknolojia ndani ya bustani kubwa za burudani, ambamo mgeni anaingia kuona roboti, nyumba ya kesho au gari ambalo halijafika sokoni, bado zina mvuto? Wengi husema simu ya mkononi imezimaliza. Mimi sikubali. Nasema zilizokufa ziliuawa na tabia ya kumgeuza mgeni kuwa mteja.

Tuanzie Disneyland, California. Ilipofunguliwa Julai 1955, eneo la Tomorrowland lilikuwa halijakamilika na fedha zimekauka, hivyo makampuni yakakaribishwa kujaza nafasi. Monsanto wakaweka ukumbi wa kemia, Kaiser wakaweka wa alumini, na mwaka uliofuata Crane, watengenezaji wa vifaa vya mabomba, wakaleta bafu la kesho. Mtu amelipa kiingilio, ametoka mbali na watoto wake, anaishia kutazama sinki. Kumbi hizo leo zinakumbukwa na wapenzi wa historia tu.

Sasa angalieni. Mwaka 1957 Monsanto hao hao wakajenga nyumba nzima ya plastiki ndani ya bustani ile ile: mabawa manne yamechomoza kutoka kwenye nguzo ya katikati bila kugusa ardhi, jikoni kuna oveni ya mikrowevu, na kuna simu yenye kioo cha kukuonyesha sura ya unayeongea naye. Watu zaidi ya milioni 20 waliipitia kabla haijafungwa mwaka 1967. Walipokuja kuibomoa, lile tufe zito la chuma lilikuwa likigonga ukuta na kudunda. Kazi iliyopangwa kuisha siku moja ikala takriban wiki mbili, na mwishowe ikabidi waizungushie nyaya za chuma na kuibana mpaka ikapasuka vipande.

Kampuni ni moja, bustani ni moja. Kwenye ukumbi wa kemia mgeni alionyeshwa biashara ya watu. Kwenye ile nyumba alionyeshwa jikoni atakapopikia yeye. Hapo ndipo ninaposimama. Mwenye hoja tofauti karibu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hoja yako ina nguvu kwa miaka ya hamsini, ila unaipunguzia simu uzito wake.

Chukua EPCOT Center, bustani nyingine ya Disney, ilipofunguliwa Florida, Oktoba 1982. Palikuwa na mashine zilizoitwa WorldKey: unagusa kioo kwa kidole, kinakuletea picha na maelezo ya bustani, na ukitaka kuweka nafasi ya chakula unaunganishwa na mhudumu, mnaonana na kuzungumza papo hapo kwenye kioo. Mwaka 1982! Karibu hakuna mgeni aliyekuwa amewahi kugusa kioo kikamjibu. Yale hayakuwa maonyesho ya kuuza kitu. Yalikuwa huduma ya kawaida ya pale, na watu walisimama kuyashangaa. Weka mashine ile ile leo, nani atageuza shingo?

Tatizo ni muda. Ukumbi unabuniwa, unajengwa, unafunguliwa, halafu unatakiwa ukae miaka kumi ili urudishe gharama. Kifaa cha mkononi kinabadilika kila mwaka. Mwaka 1994 pale EPCOT walifungua Innoventions kuziba pengo la kumbi za zamani, wakajaza vitu vipya vya makampuni, ikiwemo michezo ya video ya Sega. Wakafungua nyingine Disneyland mwaka 1998. Ya Disneyland ilifungwa 2015, na ya EPCOT ikafa kwa awamu, upande mmoja 2015 na wa pili 2019. Usiniambie wote hao walishindwa kwa sababu ya tabia mbaya ya kuuza. Walishindwa mbio.

Mfano mwingine ni Carousel of Progress, ile tamthilia ya roboti inayoonyesha familia moja ikipata umeme na vifaa vyake kizazi baada ya kizazi. Ilianza kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964. Onyesho lake la mwisho, linalopaswa kuwa wakati ujao, lilitengenezwa upya mwanzoni mwa miaka ya tisini: oveni inayosikia sauti, bibi akicheza mchezo wa uhalisia pepe. Kwa muda mrefu sasa watu wameingia mle kuangalia jana.

Mchangiaji wa pili

Nyote mnazunguka. Fuateni pesa. Horizons, banda lililopendwa sana pale EPCOT, ambalo mwisho wa safari abiria walibonyeza kitufe kuchagua kama warudi kupitia anga za juu, jangwani au chini ya bahari, lilikuwa likilipiwa na General Electric. GE wakajitoa mwaka 1993. Januari 1999 likafungwa moja kwa moja, likabomolewa, na mahali pake pakajengwa Mission: Space, iliyofunguliwa 2003. Hakuna aliyewauliza wageni kama wamelichoka. Mfadhili akiondoka, banda limekwisha, liwe zuri au baya.

Mchangiaji wa tatu

Niongeze la upande wa wafanyakazi, kwa sababu niliwahi kuongoza wageni kwenye ukumbi wa maonyesho ya sayansi na mambo haya nimeyaona kwa karibu.

Kinachoua ukumbi haraka kuliko simu ni kioo kilichozimika. Siku ya ufunguzi kila kitu kinawaka. Miezi michache baadaye kioo kimoja hakisikii kidole upande wa kushoto, kingine kinajizima na kujiwasha, na kwenye kile kilichokuwa kivutio kikuu kimebandikwa karatasi ya kuomba radhi. Mtoto anagusa, hakijibu, anagusa tena kwa nguvu, anaondoka. Mzazi anasoma karatasi, anatazama saa. Bajeti ya kujenga ilikuwepo, ya kutunza haikuwepo. Wakubwa wanahesabu waliopita mlangoni na kusema watu wanakuja. Hawahesabu dakika ambazo mgeni amekaa mbele ya kitu.

Na nilichoona kinawashikilia watu ni kitu kinachoweza kushindikana mbele ya macho yao. Ndiyo maana ASIMO, yule roboti wa Honda aliyekuwa akionyeshwa Disneyland kuanzia 2005 hadi 2015, alikuwa na mvuto. Alipanda ngazi. Binadamu yeyote mzima hupanda ngazi, lakini mashine yenye miguu miwili inapoinua mguu mmoja, uzito wote ukahamia upande wa pili, ukumbi mzima unasubiri kuona kama atafika. Video ya tukio hilo ipo kwenye simu ya kila mtu, ila ndani ya video unajua kabisa kwamba alifika.

Mleta mada

Ndugu mchangiaji wa tatu, umegusa penyewe. Hebu niwajibu wale wawili wa juu kwa mfano mmoja ambao nadhani unazijibu hoja zote mbili.

Pale EPCOT lipo banda la The Land, lililofunguliwa na bustani yenyewe mwaka 1982. Unapanda boti inayokwenda polepole, unaingia kwenye vitalu vya kioo. Mimea imening'inia hewani, mizizi iko wazi, inanyunyiziwa maji yenye virutubisho. Mingine imeota kwenye mchanga, mingine kwenye maji matupu. Kuna mnyanya uliotandazwa juu ya kichanja kama mti wa kivuli. Mmoja wa aina hiyo uliwahi kuzaa nyanya zaidi ya 32,000 katika takriban mwaka mmoja. Kuna matangi ya samaki. Unawapita watu wakiwa kazini kwelikweli, wanakata, wanapima, wanaandika. Mavuno yake yanakwenda kwenye migahawa ya bustani hiyo hiyo.

Mfadhili wa kwanza, Kraft, aliondoka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Akaja Nestlé, naye akaondoka. Boti zinaendelea kuingia. Kwa hiyo pesa ya mfadhili peke yake haielezi kila kitu. Na kilimo bila udongo kimejaa kwenye intaneti, mtu anaweza kukitazama usiku kucha akiwa kitandani, lakini hilo halijaliua banda lile. Kazi inayofanyika mle ni ya kweli. Nyanya ya leo si ya jana, haichakai kama skrini.

Mchangiaji wa nne

Mimi natoka upande mwingine kabisa. Teknolojia haijaacha kuvutia, imehama tu. Zamani iliwekwa mezani na kibao cha maelezo. Siku hizi imeingia ndani ya mchezo wenyewe.

Tazameni Futuroscope, Ufaransa, karibu na Poitiers. Ilifunguliwa 1987 kwa ajili ya teknolojia ya picha: skrini kubwa kupindukia, filamu za pande zote, viti vinavyotikisika. Kisha skrini kubwa zikazagaa majumba ya sinema. Walifanya nini? Mwaka 2006 wakaweka mikono mikubwa ya roboti, ya aina inayotumika viwandani, wakawafunga watu kwenye ncha zake na kuwachezesha muziki. Mwaka 2020 wakafungua treni ya burudani ya kasi (roller coaster) ya kwanza katika historia yao, Objectif Mars. Bustani ipo hai.

Disneyland Paris nao mwaka 1992 waliona mtego mapema. Badala ya kujenga kesho inayochakaa, wakajenga kesho kama walivyoiwaza watu wa karne ya 19. Hiyo haiwezi kupitwa na wakati, maana hawakuahidi kitu.

Na Juni 2021, Disney California Adventure, roboti wa Spider-Man akaanza kurushwa juu ya paa, mita zaidi ya 20, bila kamba, anajipindua hewani na kutua kwenye wavu uliofichwa. Watazamaji wengi hawajui kama ni mtu au mashine. Huo ni uhandisi wa hali ya juu kuliko vyote vilivyowahi kuwekwa Innoventions.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu wa nne, hapo sasa umenipa silaha. Kama mtazamaji hajui kwamba ni mashine, hayo ni maonyesho ya teknolojia kweli? Huo ni mchezo wa jukwaani. Mtoto anaondoka akimjua Spider-Man, hajui lolote kuhusu gyroskopu, kifaa cha kuhisi mzunguko, wala namna mashine inavyojua ipo upande gani ikiwa hewani. Nakubali watu wanashangilia. Ninachouliza ni wanashangilia nini.

Halafu kuhusu vitalu vya The Land, sawa, ila ni safari ya kukaa kwenye boti kwenye kivuli. Tuwe wakweli, wengine wanapumzisha miguu.

Mchangiaji wa tatu

Wapumzishe. Aliyekaa anasikiliza. Ukumbini kwetu waliosimama ndio waliokuwa wa kwanza kuondoka.

Mleta mada

Swali la mchangiaji wa kwanza ni zito na sitaki lipite. Oktoba 2023 Disneyland walianza kuwatoa roboti wadogo wa miguu miwili, wakitembea katikati ya wageni kwenye eneo la Star Wars. Watu waliwazunguka, watoto wakachuchumaa kuwaangalia usoni. Roboti hao walijifunza kutembea ndani ya kompyuta kwanza, kwa kujaribu na kuanguka mara nyingi mno, kabla ya kupewa mwili. Wahandisi wa Disney walikwishaeleza hadharani, lakini mgeni aliye pale chini haambiwi.

Mimi ningetaka karakana yao iwekwe mita chache kutoka pale, yenye ukuta wa kioo. Fundi yupo ndani, roboti mmoja amefunguliwa kifua, mwingine anafundishwa kupita kwenye changarawe na anaanguka. Pembeni skrini moja tu ikionyesha yale maanguko ya mwanzo, na mtu wa kujibu maswali, mwenye mshahara wa kudumu, si wa msimu. Isiwepo nembo wala duka mlangoni. Mgeni akitoka kumshangaa roboti nje, aweze kuingia kumwona akiwa hajakamilika.

Wa kwanza, jengo kama hilo nalo lingeshindwa mbio?

Mchangiaji wa kwanza

Hilo ningepanga foleni. Lakini nani atalipa mshahara wa huyo wa kujibu maswali mwaka wa sita, mambo yakishazoeleka? Nijibuni hilo kwanza.