Nyanya za kilimo hai kwa bei mara mbili: mnalipa?

Mama Njiro
Wadau, habari za jioni. Jumamosi nilikuwa gulioni Tengeru, hapa kwetu Arusha. Mama mmoja alikuwa na nyanya kubwa, ngumu, zina unga mweupe kama zimenyunyiziwa chokaa. Nikapitisha kidole gumba juu ya moja, unga ukabaki kidoleni. Nikamuuliza ni nini, akanijibu kwa upole tu: "Ni dawa ya shambani hiyo mama, ndiyo inafanya zikae." Mbele yake kijana anauza nyanya ndogo, nyingine zina makovu. Anasema ni za kilimo hai, hazijapigwa dawa, sado bei mara mbili. Nikachukua kwa kijana. Nyumbani baba watoto akanuna: nyanya ni nyanya, osha ule.

Msimamo wangu ni kwamba sijatupa hela. Sidai kwamba zina vitamini zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti zaidi ya 200, wakaona kwa virutubisho hakuna tofauti ya maana, lakini mabaki ya viuatilifu yalikuwa machache kwenye vyakula hai. Hicho ndicho ninacholipia. Kuosha kunatoa unga wa juu, sawa, ila zipo dawa zinazofyonzwa na mmea zikaingia hadi kwenye tunda. Hizo utaziosha vipi? Na mankozebu, dawa ya ukungu iliyozoeleka sana kwenye nyanya, Umoja wa Ulaya uliikataa mwishoni mwa 2020. Matumbo ya watoto wetu yana nguvu gani kuliko ya watoto wa huko?

Muuza mboga Kilombero
Dada, nembo uliiona? Afrika Mashariki tuna kiwango cha kilimo hai tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Kama hakuna alama, wala kikundi cha wakulima wanaokaguana wenyewe kwa wenyewe, umenunua maneno ya kijana. Makovu si ushahidi. Kila siku napokea nyanya zenye makovu na zimepigwa dawa mpaka basi.

Mkulima Meru
Dada yangu, mimi ndiye ninayebeba bomba la dawa mgongoni, kwa hiyo nisikilize na mimi. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, ameingia kwetu 2014. Kiwavi anajichimbia ndani ya jani, halafu anahamia kwenye tunda, ukija asubuhi nyanya ina vitundu kama imechomwa sindano. Msimu mmoja nilijaribu robo eka kwa mwarobaini, utupa na pilipili. Nilitwanga, nikachuja, nikapiga kila baada ya siku nne. Nilitoa matenga mawili. Ng'ambo ya mfereji, kwenye robo eka ya dawa za dukani, nilitoa matenga kumi na tisa. Ada ya shule haiulizi nyanya ni hai au si hai.

Sri Lanka walipiga marufuku mbolea na viuatilifu vya viwandani mwaka 2021 kwa mkupuo. Novemba mwaka huohuo wakarudi nyuma, na mavuno ya mpunga yakaporomoka. Mnaotaka tuache dawa kesho, nani kati yenu atatufidia?

Sisemi napenda. Nikimaliza kupiga, macho yanawasha hadi usiku, na anayefua zile nguo ni mke wangu.

Bwana shamba mstaafu, Machame
Wanangu, naona mnachanganya vitu. Kwanza, hai si kusema hakuna dawa. Mrututu tuliopiga kwenye kahawa miaka na miaka ni shaba, na shaba mpaka leo inaruhusiwa kwenye kilimo hai kwa kiwango maalum. Lakini shaba haiozi, inabaki udongoni. Pili, sumu nyingine hazitoki dukani. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016 ilitokana na ukungu kwenye mahindi. Mahindi hai ukiyaanika chini yakapata unyevu, yatakuua vilevile.

Tatu, na hili ndilo kubwa: inategemea zao. Kihamba cha Mchagga, lile shamba la mchanganyiko kuzunguka nyumba, kimelisha watu vizazi na vizazi kwa sababu ng'ombe yuko zizini, samadi inaenda kwenye mgomba, mgomba unaipa kahawa kivuli, na mdudu hakuti shamba zima la mmea mmoja. Mboga ya mnafu ya kihambani inahitaji dawa gani? Nyanya eka tano mfululizo ni karamu ya kantangaze. Mama, ukiwa na hela kidogo ya ziada, usiimalizie kwenye ndizi hai. Ipeleke kwenye nyanya, hoho na kabichi, huko ndiko bomba linakopita mara nyingi.

Mama Njiro
Shikamoo mzee, hapo kwenye hoho na kabichi umenifungua macho. Kaka wa Meru, pole kwa macho, na sikulaumu. Naomba jibu la kweli: ukishapiga dawa unakaa siku ngapi kabla ya kuchuma?

Mkulima Meru
Chupa ninayotumia inasema siku saba. Fuso la dalali linakuja Jumanne. Nikiona kantangaze Jumamosi, napiga Jumapili, nachuma Jumanne. Nikisubiri, dalali anaenda kwa jirani na zangu zinaivia shambani. Za kula nyumbani nina mistari minne nyuma ya jiko. Hiyo siipigi.

Mama Njiro
Kaka, nimesoma hapo mara mbili. Basi tuache neno hai kwanza. Nikikulipa bei ya dalali na nusu yake juu, ukazisubiri hizo siku saba, utaweza?

Mkulima Meru
Kwa sado moja siwezi, nauli tu inaimaliza. Kwa matenga manne kila wiki, nasubiri. Na ukitaka njoo siku ya kupiga dawa, uhesabu siku mwenyewe.

Mama Njiro
Matenga manne ni kama familia thelathini. Walio Njiro, Sakina na Kijenge, andikeni hapa chini mnatumia sado ngapi kwa wiki. Mimi mbili.