Mnaouza chatu aliyezoea kula vifaranga vya kuku tu halafu mnadanganya "anakula panya", mnatesa wanyama na sisi mnatutesa

Wakuu salama? Mi sio salama, nina hasira na naandika nikiwa nayo hivihivi.

Niko Mikindani hapa Mtwara. Chatu ninaye kihalali, kibali kipo na karatasi zote zipo, kwa hiyo wale wa "nyoka wa porini unamfugaje" naomba mpite tu, uzi sio wa hilo. Nilimchukua kwa mfugaji ambaye naye ana kibali, simtaji ila akisoma atajijua. Kabla sijatoa hela nilimuuliza swali moja na nikalirudia: huyu anakula nini? Jibu likawa "anakula panya vizuri tu, hana shida". Nikaomba ushahidi, nikatumiwa klipu ya chatu anameza panya mweupe. Chatu alipofika nikaifungua ile klipu nikalinganisha madoa ya mgongoni, maana madoa ya chatu hayafanani, kila mmoja ana yake, na yule wa kwenye klipu ni mwingine kabisa! Yani mtu amekaa chini akatafuta video ya nyoka mwingine ili anidanganye mimi.

Huyu wa kwangu ukimuwekea panya anatoa ulimi mara mbili tatu, anageuza shingo, anarudi kwenye maficho yake. Na haumwi. Mdomo safi hauna ute, hapumui kwa mlio, macho hayajaingia ule ukungu wa kutaka kujivua gamba. Joto upande mmoja nyuzi 32, upande wa pili 26, maji yapo, maficho yapo pande zote mbili. Nikampigia mfugaji, mwanzo akasema mpe muda, mara ooh safari imemchosha, mwisho simu haipokelewi. Aliyenipa ukweli ni kijana aliyekuwa anasafisha mabanda pale kwake: yule tangu atoke kwenye yai ni vifaranga vya siku moja tu, yale majogoo ya kuku wa mayai ambayo watotoleshaji wanayauza bei ya kutupa. Panya hajawahi kupewa hata siku moja.

Sasa mtu atasema kuku si nyama tu, shida iko wapi. Shida iko hapa. Chatu hachagui chakula kwa macho kama sisi. Anakusanya harufu kwa ulimi, anaipeleka kwenye kiungo kilichopo juu kwenye paa la mdomo, hapo ndo anaamua hiki ni chakula au sio chakula. Na kwenye midomo ana vishimo vinavyosoma joto la mnyama. Ukimlea tangu kadogo kwa harufu moja tu ya manyoya ya kuku, panya kwake sio chakula, sio kiburi, sio deko, hajui tu kama ile nayo inaliwa. Aliyemfundisha hivo ni yule aliyekuwa anamlisha, na ndiye aliyetakiwa kunyanyua mdomo aseme.

Na sisemi ndege ni sumu kwake, chatu wa porini anakula ndege mpaka kanga akimpata. Ila kifaranga cha siku moja mifupa yake bado laini, madini ya kujenga mwili ni kidogo ukilinganisha na panya mzima, na choo cha nyoka wa vifaranga kinakuwa majimaji kinanuka banda zima. Halafu huyu ni chatu wetu wa Afrika, sio nyoka wa kubaki saizi ya mkanda wa suruali, akikomaa anapita mita 3 na wengine mita 4. Utamrushia vifaranga vingapi? Na hapa kwetu vifaranga vyenyewe vinapanda basi kutoka Dar, kideri kikipita mitaani kuku wote wanalala chini, unabaki na nyoka ambaye anajua chakula kimoja tu duniani na hicho hakipo. Mfugaji hayo yote anayajua. Kanyamaza kwa sababu vifaranga ni rahisi na vinaliwa haraka, nyoka anaonekana mnene siku ya kuuzwa, basi.

Kilichonipandisha zaidi ni ushauri niliopewa kwenye magrupu. Wa kwanza, "mnyime, njaa ikimshika atakula". Ni kweli nyoka anakaa muda mrefu bila kula, chatu mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi, lakini huyu bado mdogo anakua, na wapo ambao wanakonda mpaka nguvu ya kumeza inaisha wakiwa hawajagusa kitu. Njaa haimfundishi harufu mpya. Wa pili, "mtupie panya buku mzima humo atamkamata mwenyewe". Mkuu ulishawahi kuona panya aliyefungiwa na nyoka asiyetaka kumla? Panya akipata njaa yeye ndo anaanza kumla nyoka, anatafuna mgongo mpaka uti unaonekana, anang'oa macho. Nyoka hakimbii, hana pa kukimbilia, ni banda lile. Na panya naye anateseka usiku kucha. Huo ni ukatili wa pande mbili na mnausema kama mchezo. Wa tatu anasema mshindilie kwa nguvu, mpanue mdomo msukumie. Unamchana koo, akimeza na hofu ile anacheua kila kitu, na kucheua kunamdhoofisha nyoka kuliko kukosa mlo. Kulisha kwa nguvu ni kazi ya daktari wa mifugo nyoka akiwa amefika pabaya, sio kazi yako na shemeji yako sebuleni.

Halafu kuna hawa vijana wanaoniletea panya wa mtaani, "bro huyu bado wa moto". Amekufaje? Hajui, kamkuta uani. Nyumba nyingi hapa mjini zinaweka sumu ya panya, na zile zinazozuia damu kuganda zinabaki ndani ya mwili wa panya, nyoka akimmeza anaimeza na sumu. Hata samaki nchanga, yani wale panya wa mashambani wanaoliwa, ambao watu wa kusini tunawajua utamu wake na siwezi kuwasema vibaya, wale wa kuuzwa wamebanikwa na chumvi, hao ni kitoweo cha binadamu. Na wale wabichi wa kuchimbwa mashambani wana minyoo na kupe, na mashamba ya korosho yanapulizwa madawa kila msimu, mimi kwa chatu wangu sijaribu. Natumia panya weupe wa kuzalishwa, wamegandishwa kwenye friza.

Sasa mnaopitia haya haya sikilizeni, maana muuzaji wenu hatawaambia. Panya anayeyushwa kwenye friji usiku kucha, halafu anawekwa ndani ya mfuko anazamishwa kwenye maji ya moto ya kuvumilika kwa mkono, sio yanayochemka, na usitie kwenye maikrowevu, atapasuka na atakuwa moto huku baridi kule. Kichwa kiwe cha moto kidogo kuliko mwili. Mkaushe. Kisha chukua kifaranga, msugue panya mwili mzima kwa yale manyoya laini, hasa puani, maana nyoka anatafuta kichwa ndo aanze hapo. Panya mwenyewe awe mdogo kuliko unavyodhani, asizidi unene wa nyoka pale katikati. Mpe jioni giza likiingia, taa imezimwa, kwa koleo ndefu, mtikise kidogo tu kisha tulia. Akikataa muache naye banda likiwa limefunikwa, asubuhi mtoe, kwa joto la Mtwara ukimuacha zaidi ni uozo. Usirudie kesho yake. Subiri wiki nzima, na katikati hapo usimshike shike, nyoka anayeshikwa kila saa hali.

Kama kusugua hakutoshi kuna kuunganisha: unampa kifaranga anaanza kumeza, kikibaki miguu tu nje unamsogezea panya aliyefungwa na uzi wa pamba kwenye ile miguu, anaendelea kumeza bila kukatisha. Mimi hapo ndo nimepata mwanga. Kameza panya mdogo nyuma ya kifaranga, hakucheua, akatulia kwenye maficho na tumbo lake. Panya peke yake bila harufu ya kuku bado anakataa, na hii baridi ya kusi inapovuma usiku hamu ya kula inashuka zaidi, umeme ukikatika joto la banda linaondoka, basi naanza tena. Ndio maana nina hasira! Hii kazi yote ingefanyika kirahisi akiwa kachanga wa mwezi mmoja, mtu mmoja tu angempa panya mtoto na kifaranga kwa kupokezana. Kimemgharimu nini?

Ninachotaka kwa wafugaji: rekodi. Daftari la shilingi mia tano linatosha. Tarehe, kala nini, saizi gani, kimeliwa au kimekataliwa, uzito, lini kajivua gamba. Nyoka akiondoka daftari linaondoka naye. Kama ni wa vifaranga andika vifaranga, mnunuzi aamue mwenyewe akiwa na akili zake. Mtu anayeuza ng'ombe wa maziwa akadanganya kuhusu maziwa mnamfuata mpaka kwa mtendaji wa kata, kwanini kwa nyoka mnasema "ndo nyoka walivyo"?

NYONGEZA: nimesoma comments zenu.

Anayesema nyoka hana hisia kwa hiyo haina haja ya kulia lia: sijalia kuhusu hisia, nimeongelea mnyama anayekonda kwa uongo wa mtu. Soma tena.

Wa "hayo ni majini ya Wamakonde": pita kaka, nina panya kwenye maji ya moto hapa sina muda.

Dada wa Lindi aliyeuliza kama achemshe supu ya kuku amchovyee panya: inaweza kusaidia, ila iwe maji na kuku tu, usitie chumvi wala kitunguu wala kiungo chochote, na iwe imepoa kiasi cha mkono. Manyoya ya kifaranga kwangu yameshinda supu.

Mkuu wa Masasi unayetaka kwenda kulipia wiki ijayo: usitume hela kwa klipu. Nenda mwenyewe, piga picha ya madoa ya nyoka unayepewa, mwambie amlishe panya aliyeyeyushwa mbele yako. Akikuambia leo kashiba rudi baada ya wiki mbili. Akikataa usirudi.