Naomba ushauri: nyuzi za 9 au za 10 kwa solo ya benga?

Ndugu wanamuziki, hamjambo. Naishi Kisumu na hupiga gitaa la umeme, hasa solo ya benga, ile ya kudonoa nota mojamoja kwa kasi juu ya shingo, pasipo kuvuta nyuzi sana kama wafanyavyo wapigaji wa bluzi. Kwa sasa natumia seti ya 9, ambayo uzi mwembamba zaidi una unene wa inchi 0.009 na mnene zaidi inchi 0.042. Hazichoshi vidole hata shughuli ikikesha, lakini nikidonoa kwa nguvu sauti ya uzi hupanda kidogo kabla ya kutulia, na mlio wake, kwa masikio yangu, ni mwepesi mno ukizungukwa na besi na ngoma.

Nafikiria kuhamia seti ya 10, yaani 0.010 hadi 0.046. Naelewa kwamba uzi mnene, ukikazwa kufikia sauti ileile, huvuta shingo kwa nguvu zaidi, hivyo huenda chuma cha ndani ya shingo kikahitaji kurekebishwa; hilo nitamwachia fundi.

Je, mnaopiga benga kwa nyuzi za 10 mmeona kasi ya vidole ikipungua? Au seti ya mchanganyiko, 0.009 hadi 0.046, ingenitosha? Atakayejibu ataje pia urefu wa uzi kwenye gitaa lake, kwa sababu langu ni la inchi 25.5, na seti ileile hulegea kidogo kwenye gitaa la inchi 24.75.