MREJESHO: Trojani iliyokuwa inarudi kila nikiifuta

Wakuu, ni mimi wa Igoma, yule ambaye kompyuta ya nyumbani Defender (antivirusi ya Windows) ilikuwa inafuta trojani, yaani programu hasidi inayojifanya ya kawaida, nikiwasha tena ipo palepale. Imetoka.

Kumbe nilikuwa nakata majani, mzizi nauacha. Uliyesema nichungulie Task Scheduler, sehemu ya Windows inayopanga kazi za kujiendesha zenyewe, Mungu akubariki. Kulikuwa na kazi imejipa jina kama la kusasisha programu, inaamsha faili la trojani ndani ya AppData (folda iliyofichwa ya data za programu) kila mara mtu akiingia kwenye kompyuta. Nikazima intaneti, nikaingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), nikafuta vyote viwili, kisha nikaendesha Microsoft Defender Offline, ambayo inapekua kabla Windows haijaamka. Kama robo saa hivi.

Chanzo ni flashi ya mdogo wangu, alienda nayo stesheneri kuprinti. Mafolda yote yalikuwa shotikati tupu! Akaanza kulia picha zake za kisiwa cha Saanane zimepotea. Zilikuwa zimefichwa tu; amri ya attrib -h -s /s /d kwenye Command Prompt ikazirudisha, nikazihamisha, flashi nikaiformati.

Nywila zote nimebadilisha kwa simu. Fundi wa Makoroboi aliyetaka elfu thelathini apige Windows upya, anisamehe.