Mrejesho: Rafiki yangu mwanahabari na mchezo wetu

Asanteni mlionijibu. Niliuliza kama nimwombe rafiki yangu wa tangu shuleni, mwandishi wa gazeti, ahakiki mchezo wetu pale Kenya National Theatre, ambako mimi ni fundi wa taa.

Nilimwomba, akakataa papo hapo. Alinieleza kwa upole kwamba kanuni za maadili ya wanahabari zinawataka waepuke mgongano wa maslahi. Akamwambia mhariri wake tunajuana, na mwenzake ndiye aliyetumwa.

Tahakiki imetoka. Imewasifu waigizaji ila imesema sehemu ya pili inaburuta, na ni kweli kabisa, mwongozaji ameshaipunguza. Sifa kutoka kwa mtu asiyetujua zimetutia moyo mno.

Rafiki yangu mwenyewe alikuja Jumapili, akajilipia tiketi ingawa nilimwekea ya bure. Tukashuka na Barabara ya Harry Thuku hadi stendi ya matatu tukibishana kuhusu mwisho wa mchezo, vile tulivyobishana enzi za tamasha za drama.

Mlioogopa urafiki utavunjika, tuko salama. Namheshimu kuliko zamani.