Nimeletewa kifurushi nisichokiagiza: nikirejeshe au nikiache?

Mama Ilham, Wete

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Jumatano baada ya alasiri kijana wa bodaboda alinipigia simu akaniambia kuwa nina mzigo ulioshuka na boti kutoka Unguja. Kwa kuwa huwa naagiza vitambaa vya dukani, nilitoka bila ya kuuliza mengi, nikakabidhiwa kifurushi cha plastiki ya kijivu, chepesi mno, chenye jina langu lililokosewa herufi moja na namba yangu ya simu iliyo sahihi kabisa. Ndani mlikuwa na pete ya rangi ya dhahabu na kikaratasi chenye msimbo wa QR, pamoja na maneno ya Kiingereza yanayonitaka niuskani ili nimjue aliyeniletea zawadi. Jina la mtumaji halipo. Nimemuuliza wifi yangu aliyeko Muscat, naye hajui lolote.

Mume wangu anataka nikirejeshe, na mwanangu anataka kuuskani ule msimbo. Nina hofu, kwani simu yangu ndiyo inayoweka fedha za duka na za upatu wa wanawake kumi na wawili. Naomba mwenye ujuzi anielekeze.

Khamis wa Mwanakwerekwe

Wa alaykumu s-salaam Mama Ilham. Kwanza, mzuie mwanao asiuskani huo msimbo. Pete haina madhara. Madhara yamo katika kikaratasi. Msimbo wa namna hiyo humpeleka mtu kwenye ukurasa unaomtaka ajaze jina, namba ya siri au taarifa za benki, au humfanya apakue programu itakayoiba yaliyomo kwenye simu. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo juu ya vifurushi vya aina hii hii mwezi wa Julai 2025.

Ama kwa nini mtu apoteze pete kwa mtu asiyemjua, sababu ni ya kibiashara. Katika masoko ya mtandaoni, bidhaa yenye sifa nyingi kutoka kwa wanunuzi ndiyo inayotangulia kuonekana, na soko hutaka kuhakikisha kwamba anayesifu amenunua kweli. Basi muuzaji asiye mwaminifu hufungua akaunti kwa jina la mtu mwingine, akajinunulia bidhaa yake mwenyewe, kisha akatuma kitu chepesi na rahisi ili ionekane kuwa mzigo umemfikia mteja, na baada ya hapo akaandika sifa anazozitaka kana kwamba wewe ndiye uliyeziandika. Mwaka 2020 watu wengi wa Marekani, Uingereza na Kanada walipokea mbegu wasizoziagiza, nyingine katika bahasha zilizoandikwa kuwa ni vito, na wakaambiwa wasizipande kwa kuhofia magugu na maradhi ya mimea. Naitaja khabari hii kwa sababu Pemba ni kisiwa cha karafuu: anayeletewa mbegu za namna hiyo asizitupe shambani, azipeleke zikiwa zimefungwa kwa maofisa wa kilimo.

Kukirejesha si lazima, na usimtafute mtumaji, maana ukimjibu umemthibitishia kuwa namba yako inatumika. Badilisha namba ya siri ya akaunti uliyoagizia vitambaa, kisha piga *106# uone ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Bi Time, Chake Chake

Mama Ilham, shukuru kwamba hukudaiwa kitu. Kaka yangu aliletewa boksi lililofungwa vizuri akaambiwa ni mzigo wa mwanawe, alipie shilingi 35,000 ndipo akabidhiwe. Mwanawe alikuwa skuli na simu yake imezimwa, naye mzee akaona haya kumrudisha mleta mzigo mlangoni. Akalipa. Tulipolifungua mlikuwa na matambara na kipande cha tofali cha kulitia uzito. Ile haya ndiyo inayotuponza sisi watu wa visiwani, kwani tumelelewa kumpokea kila anayebisha hodi.

Kuna na ujumbe wa simu unaodai kuwa mzigo wako umezuiwa bandarini na ulipie ushuru kwa namba ya mtu binafsi. Usilipe hata kidogo. Ujumbe huo na namba iliyoutuma vipelekwe 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, imeiweka kwa ajili ya kuripoti matapeli, na namwomba kila aliyelipa amweleze pia sheha wake, ili majirani wapate khabari mapema.

Mama Ilham, Wete

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Baada ya kusoma majibu yenu nilitoa stakabadhi ya vitambaa nilivyomwagizia wakala kabla ya Ramadhani, nikailinganisha na ile plastiki. Kosa la herufi ni lile lile: wakala aliliandika jina langu vibaya siku ile, na kifurushi kimekuja na kosa hilo hilo. Nimeshamwita anieleze taarifa zangu alimpa nani. Kikaratasi nimekichana, namba zangu za siri nimezibadilisha, na wenzangu wa upatu nimewaeleza wote.

Asubuhi hii yule kijana wa bodaboda amenipigia tena akisema kuna mzigo wangu mwingine. Nimemwambia kwa upole kuwa sikuagiza kitu, aurudishe alikoutoa.